Laptopu inachemka? Soma joto la prosesa na mwendo wa feni kabla hujaipeleka kwa fundi

Laptopu yangu ni ThinkPad T480 ya mtumba, yenye prosesa ya Intel Core i5-8350U. Naitumia kuhariri video za harusi, kwenye chumba chenye paa la bati hapa Temeke. Ilipofika Januari ikaanza kuwa nzito kila mchana. Kazi iliyokuwa ikichukua robo saa ikawa inakula nusu saa na zaidi, feni inavuma muda wote, na ule upande wa juu ya kibodi hauguswi kwa moto. Fundi wa kwanza aliniambia RAM ni ndogo, niongeze. Nikaongeza. Mashine ikabaki vilevile, na pesa imeshakwenda.

Kilichonifungua macho ni programu ya bure ya kusoma vihisi vya joto. Wakati video inaendelea kutoka, niliona mambo matatu kwa pamoja: prosesa iko nyuzi 97, feni inakwenda mizunguko 4,300 kwa dakika, na kasi ya prosesa imeshuka hadi gigahezi 1.4, chini hata ya kasi yake ya msingi ya gigahezi 1.7. RAM haikuwa na kosa lolote. Mashine ilikuwa inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue.

Ninaandika haya ili usirudie kosa langu. Namba ya joto peke yake haitoshi. Isome pamoja na mwendo wa feni na kasi ya prosesa, tena mashine ikiwa kazini. Ukiwa na hizo tatu, utajua tatizo liko wapi kabla hujalegeza skrubu hata moja.

Kwanza elewa namba hizi zinatoka wapi

Ndani ya prosesa yenyewe kuna vihisi, kimoja kwa kila kiini. Mtengenezaji huweka kikomo cha joto. Kwa i5-8350U ni nyuzi 100 za Selsiasi. Joto likikaribia kikomo hicho, prosesa inapunguza kasi yake bila kukuuliza. Likizidi kupanda hata baada ya hapo, mashine inazima ghafla. Kwa hiyo laptopu kuwa nzito mchana na nyepesi usiku ni dalili unayopaswa kuichukulia kwa uzito.

Feni nayo kwa kawaida haiendeshwi na Windows wala Linux. Kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, kuna kidhibiti kidogo kinachosoma joto na kuamua feni ikimbie kiasi gani. Programu zetu zinakiuliza tu. Kuna watengenezaji ambao hawakuacha mlango wa kuuliza, ndiyo maana kwenye laptopu nyingine utaona joto lakini mstari wa feni haupo kabisa. Hilo si kosa lako. Utatumia sikio na kiganja, nitaeleza mbele.

Jambo la tatu, na kwetu wa pwani ni kubwa: feni haitengenezi baridi. Inasukuma tu hewa ya chumbani kupita kwenye chuma chenye moto. Chumba kikiongezeka nyuzi 8, na prosesa inayofanya kazi ileile itapanda karibu nyuzi 8. Mtu wa Arusha asubuhi ya Julai na mtu wa Temeke saa nane mchana wa Februari hawawezi kulinganisha namba zao moja kwa moja. Mimi huandika joto la chumba kando ya joto la prosesa, nikisoma kwenye kipimajoto cha ukutani.

Hatua ya 1: Weka programu, kama unatumia Windows

Task Manager itakuonyesha matumizi na kasi ya prosesa, lakini haionyeshi joto la prosesa. Pakua HWiNFO kutoka tovuti yake yenyewe, hwinfo.com. Usiichukue kwenye tovuti za kupakulia vitu mchanganyiko, kwa sababu huko hufungashwa pamoja na takataka. Kuna toleo lisilohitaji kusakinishwa: unafungua faili, unaliendesha, basi.

Linapofunguka, weka tiki kwenye "Sensors-only" kisha bonyeza "Start". Itakuja orodha ndefu ya kutisha. Usihangaike nayo yote. Tafuta mistari hii:

- "CPU Package": joto la prosesa kwa ujumla.
- "Core Clocks": kasi ya kila kiini, kwa megahezi.
- "Core Thermal Throttling": ikiandika "Yes", prosesa imejipunguza kasi kwa sababu ya joto.
- Mstari wowote wenye neno "Fan" na "RPM" mbele yake: mizunguko ya feni kwa dakika.

Kuna safu nne: hali ya sasa, ya chini kabisa, ya juu kabisa na wastani. Safu ya juu kabisa ndiyo utakayoitegemea, kwa sababu huwezi kuhariri video huku macho yako yako kwenye dirisha jingine. Chini kuna alama ya saa. Ukiibonyeza inafuta kumbukumbu na kuanza upya. Ibonyeze kila unapoanza kipimo kipya, la sivyo utachanganya joto la asubuhi na la mchana.

Ukiona "Yes" kwenye mstari unaotaja "Power Limit", tulia. Huo ni ukomo wa umeme ambao prosesa za laptopu huugusa kila siku katika kazi nzito. Unaokuhusu hapa ni ule wa joto.

Hatua ya 1 kwa wa Linux

Kwenye Ubuntu, Mint au Debian, fungua terminali uandike:

`sudo apt install lm-sensors stress-ng`

`sudo sensors-detect`

Amri ya pili itakuuliza maswali mengi. Bonyeza Enter kukubali jibu lililopendekezwa kila mara, isipokuwa swali la mwisho linalotaka ruhusa ya kuongeza mistari kwenye /etc/modules: hapo andika yes. Washa upya mashine, kisha:

`watch -n 2 "sensors; grep MHz /proc/cpuinfo"`

Sasa una joto, feni na kasi katika dirisha moja, vinajisasisha kila sekunde 2. Kwa prosesa za Intel angalia mstari wa "Package id 0", kwa AMD angalia "Tctl". Kwenye ThinkPad mstari wa feni ni "fan1". Kutoka, bonyeza Ctrl na C. Anayependa michoro aweke s-tui. Nayo iko kwenye hazina ya programu ya Ubuntu na inachora joto na kasi kwa pamoja.

Tahadhari mbili nilizozilipia kwa muda wangu. Mara nyingine utaona mstari wa "acpitz" umekaa na namba ileile, mathalani 27.8, hata prosesa ikichemka. Kihisi kisichosogea kazi inapopanda ni cha kuachana nacho. Na ThinkPad ikiamka usingizini inaweza kukwambia feni iko 65535. Hakuna feni ya laptopu inayokimbia hivyo. Maana yake ni kwamba kidhibiti bado hakijajua mwendo wa feni. Subiri kidogo usome tena.

Swali ambalo hutalipata jibu lake kirahisi kwingine ni hili: je, prosesa imeshajipunguza kasi mara ngapi tangu niwashe mashine? Kwa Intel, Linux inahesabu:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/package_throttle_count`

Sifuri ni habari njema. Mimi siku ile nilikuta maelfu.

Wenye MacBook Air za kuanzia M1 ya 2020, msitafute feni. Haimo. Mashine hiyo inapoa kwa mwili wake tu.

Hatua ya 2: Pima ikiwa imepumzika

Iweke mezani, chaja imechomekwa, programu zote zimefungwa isipokuwa ya kipimo. Subiri dakika 10. Andika joto la chumba, joto la prosesa, mwendo wa feni. Yangu ikiwa nzima, chumba kikiwa nyuzi 30, hukaa kati ya 44 na 50, na feni aidha imesimama au inazunguka taratibu. Feni kuonyesha sifuri wakati huu ni kawaida kwa laptopu nyingi.

Ukikuta imepumzika lakini iko nyuzi 75 na feni inapiga kelele, usikimbilie vumbi. Fungua Task Manager, au andika `top` kwenye Linux, uone ni nani anakula prosesa. Mara nyingi utakuta Windows inajisasisha, antivairasi inakagua diski, au kivinjari kina kurasa 40 zimefunguliwa. Zima, subiri, pima tena.

Hatua ya 3: Ipe kazi

Njia bora ni kuipa kazi yako halisi, ile inayoileta shida. Kama huna, kwenye Windows fungua 7-Zip, nenda "Tools", kisha "Benchmark", uiache iendelee kwa dakika 10. Kwenye Linux:

`stress-ng --cpu 0 --timeout 10m`

Kaa hapo hapo, usiondoke kwenda kuchota maji. Andika namba baada ya nusu dakika, baada ya dakika 3, na baada ya dakika 10. Muda una siri yake, utaiona. Joto likigonga 100 na kung'ang'ania hapo zaidi ya dakika moja, simamisha. Feni ikiwa kimya huku joto linapita 85, simamisha papo hapo.

Wakati kazi inaendelea, weka kiganja kwenye tundu linalotoa hewa, kushoto au kulia au nyuma kutegemea mashine. Jiulize maswali mawili: hewa inatoka kwa nguvu? Ni ya moto? Mkono wako unakamilisha kile ambacho programu haikioni.

Hatua ya 4: Soma namba kwa pamoja

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Joto liko juu, feni inakimbia sana, lakini hewa kwenye tundu ni hafifu na ya moto mkali. Hili ni vumbi. Feni inazunguka, ila njia imeziba. Utaona pia kwamba joto halikuruka ghafla. Lilipanda pole pole, pengine 78 kwenye nusu dakika, 90 kwenye dakika ya 3, 97 kwenye dakika ya 10. Hii ndiyo ilikuwa hali yangu. Nilipofungua, feni yenyewe ilionekana safi, na mtu asiyejua angefunga akasema hakuna kitu. Vumbi lilikuwa limejificha upande wa pili, kati ya feni na yale mapezi membamba ya chuma: limeshikana likawa kama kipande cha sufi, nene kama kidole changu kidogo, kwa urefu wote wa tundu. Nililitoa zima kwa kibano.

Joto liko juu, feni inakimbia, hewa inatoka kwa nguvu ila ni ya uvuguvugu tu. Hapa njia iko wazi, lakini moto haufiki kwenye mapezi. Ile pesti ya kijivu inayokaa kati ya prosesa na shaba inayopeleka moto kwenye mapezi imekauka, au skrubu zinazoshika shaba hiyo hazijabana sawasawa. Dalili yake kubwa iko kwenye saa: joto linaruka kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde chache tu baada ya kuanza kazi, na ukisimamisha linaporomoka haraka vilevile. Vumbi halifanyi hivyo. Laptopu ya mtumba ambayo hujui historia yake, hii ndiyo ya kuishuku kwanza.

Joto liko juu, feni iko sifuri au inajikokota. Feni imekufa, waya wake umechomoka, au kidhibiti kina hitilafu. Usiendelee kuitumia kwa kazi nzito hata siku moja.

Joto ni la kawaida, pengine 60, lakini kasi imeganda kwenye gigahezi 0.4 au 0.8. Hii si habari ya joto kabisa, na watu wengi wanapoteza pesa kwa kubadilisha pesti hapa. Angalia chaja. Kuna laptopu ambazo zikichomekwa chaja isiyotambulika, au yenye wati pungufu, zinabana prosesa makusudi. Jaribu chaja nyingine ya kuaminika, kisha kagua mpangilio wa matumizi ya umeme.

Na kama joto limefika 85 au hata 90 kwenye kazi nzito, kasi iko palepale na hakuna "Yes" ya joto, mashine yako haiumwi. Laptopu nyembamba ndivyo zilivyoundwa. Usijitafutie ugonjwa.

Hatua ya 5: Acha irekodi yenyewe

Tatizo likija kwa kuvizia, rekodi siku nzima. HWiNFO ina alama ya karatasi yenye jumlisha pale chini. Ibonyeze, chagua mahali pa kuhifadhi, na baadaye ufungue faili kwenye Excel. Kwenye Linux andika:

`while true; do date +%T; sensors | grep -E 'Package|fan1'; sleep 30; done | tee -a joto.txt`

Rekodi yangu ilionyesha kitu ambacho sikukitarajia: joto lilikuwa linaruka nyuzi 6 hadi 7 kila nilipohamia kitandani. Godoro linaziba matundu ya chini.

Hatua ya 6: Jaribu feni peke yake (ThinkPad na Linux)

Ukitaka kujua kama feni inaweza kufika mwendo wake wa juu bila kuichemsha mashine, tengeneza faili /etc/modprobe.d/feni.conf, ndani yake andika mstari huu, kisha washa upya:

`options thinkpad_acpi fan_control=1`

Halafu:

`echo watchdog 60 | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan`

`echo level 7 | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan`

Mstari wa kwanza ni bima: zikipita sekunde 60 bila amri mpya, usimamizi wa feni unarudi kwa mashine. Usiuruke. Sikiliza feni huku ukisoma "fan1". Ikipanda vizuri bila mkwaruzo, bearingi zake zina uhai. Ikikwaruza au namba ikiyumbayumba, inakaribia mwisho. Ukimaliza:

`echo level auto | sudo tee /proc/acpi/ibm/fan`

Kwa matumizi ya kila siku iache kwenye auto. Kuna watu huishusha ili wapate ukimya. Kwa joto la pwani sikushauri hata kidogo.

Hatua ya 7: Anza na yasiyo na gharama

Vizibo viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma. Ndiyo, vizibo. Vikainua T480 yangu kiasi cha hewa kupita chini, na joto kwenye kazi ileile, chumba kilekile, likashuka nyuzi 4. Nilirudia kipimo mara tatu kwa sababu sikuamini.

Mchana wa jua kali unaweza pia kuzuia prosesa isipande juu ya kasi yake ya msingi. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya juu ya "Power Options" uweke "Maximum processor state" kuwa asilimia 99. Kwenye Linux yenye Intel:

`echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo`

Kasi ya juu utaikosa, lakini mwendo unakuwa mmoja, haupandi na kuporomoka. Andika 0 badala ya 1 kurudisha.

Ukiamua kufungua mwenyewe, kata umeme kabisa kwanza. T480 ina betri mbili, moja iko ndani. Kwa hiyo ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kwa kubonyeza F1 inapoanza kuwaka, chini ya "Config" na "Power" chagua kuzima betri ya ndani, ndipo utoe ya nje. Ukipuliza vumbi kwa bloa, zuia feni kwa kijiti ili isizunguke. Kuizungusha kwa upepo mkali kunaharibu bearingi.

Hizi hapa namba zangu kutoka kwenye daftari, kazi ileile ya dakika 10:

Kabla: chumba 33, prosesa 97, feni 4,300, gigahezi 1.4.
Baada ya kutoa vumbi: chumba 32, prosesa 89, feni 4,250, gigahezi 2.3.
Baada ya pesti mpya: chumba 32, prosesa 81, feni 3,900, gigahezi 2.6.

Pesti niliweka kwa fundi mwingine, kwa sababu mkono wangu si mzuri kwa kazi hiyo. Nilimpa karatasi yenye mistari hiyo miwili ya kwanza, nikamwambia: "Fundi, vumbi nimeshatoa, naomba pesti tu." Hakuwa na sababu ya kukisia, na bei tukaelewana kwa dakika mbili. Kabla ya kulipa nilimwomba umeme na meza yake kwa dakika 10, nikaendesha stress-ng palepale, tukaangalia namba pamoja. Fundi mzuri hakatai kipimo hicho. Huyu wangu alivuta kiti, akakaa kutazama, kisha akaniomba nimwandikie zile amri.